Furu Wekundu na Vifaranga Wasio na Rangi ya Baba: Uchambuzi wa Kisa cha Tangi Moja Mwanza

Kisa chenyewe

Kisa hiki kinahusu tangi moja la kioo lililowekwa ndani ya mgahawa ulio kando ya ziwa jijini Mwanza, na furu 14 waliofugwa humo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Majina ya wahusika yameachwa, na mambo yanayoweza kuutambulisha mgahawa huo nimeyaondoa. Mimi niliitwa kama fundi wa matangi ya samaki katika mwezi wa tisa tangu tangi liwekwe, mambo yakiwa yameshaharibika. Kwa hiyo, yale ninayoyasimulia kuhusu miezi ya mwanzo nimeyapata kwa mama mwenye mgahawa, kwa kijana aliyekuwa akiwatunza samaki, na zaidi kwa picha za simu ambazo kwa bahati njema walikuwa wamezipiga karibu kila wiki.

Swali nililoulizwa siku ya kwanza lilikuwa fupi. Mama alinionyesha picha ya dume mwekundu wa kupendeza, kisha akanionyesha tangi lililojaa samaki wa kijivu na vifaranga wakubwa wenye rangi isiyoeleweka, akasema, "Fundi, hawa si wale. Nani kanibadilishia samaki?" Hakuna aliyekuwa amembadilishia. Samaki walikuwa walewale, na vifaranga walikuwa watoto wao halali. Kueleza namna jambo hilo lilivyowezekana kunahitaji kwanza kueleza furu ni nani.

Furu wa kwenye miamba

Neno furu linakusanya kundi kubwa la samaki wadogo wa Ziwa Viktoria ambao wataalamu wanakadiria kuwa ni spishi 500 au zaidi. Wengi wao waliokuwa wakiishi kwenye maji ya wazi na juu ya tope walipungua vibaya sana miaka ya 1980, sangara alipozidi katika Ghuba ya Mwanza. Furu wa miambani, ambao wavuvi wengine huwaita mbipi, waliponea kwa wingi zaidi kwa sababu sangara mkubwa hana nafasi ya kupenya kwenye nyufa za mawe. Ndiyo maana mtu anayetaka furu wa rangi leo huelekezwa kwenye visiwa vya mawe.

Wawili kati ya hao wa miambani ndio wahusika wetu. Wa kwanza ni Pundamilia nyererei, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume lake likikomaa huwa na mgongo mwekundu kama damu, ubavu wa manjano wenye mistari myeusi ya wima, na kifua cheusi. Wa pili ni Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina mistari ileile, ila mwili wake ni wa kijivu kinachoelekea samawati, bila wekundu wa mgongoni. Jenasi hii ya Pundamilia, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ni miongoni mwa chache duniani ambazo jina lake la kisayansi ni neno la Kiswahili lisiloguswa hata herufi moja, jambo ambalo naliona halijajulikana vya kutosha hapa nyumbani. Samaki hawa hawazidi sentimita 8 hadi 10 hivi kwa urefu.

Majike wa spishi hizi mbili ni wa kijivu cha manjano hafifu, wana kivuli cha mistari, na wanafanana kiasi kwamba hata macho yaliyozoea hukosea. Juu ya hayo, dume aliyeshindwa na wenzake huficha rangi zake na kujifanya wa kijivu, ili yule mwenye eneo asimsumbue. Rangi inaweza kufifia ndani ya dakika chache baada ya kipigo na ikarudi ndani ya siku chache mara tu mshindi anapoondolewa. Kwa hiyo, samaki wa kijivu anaweza kuwa jike wa spishi hii, jike wa spishi ile, au dume aliyenyamazishwa wa yoyote kati ya hizo mbili. Kisa chote kimejengwa juu ya utata huo.

Uzazi wao nao una namna yake. Dume hushika eneo lenye pango au ufa wa jiwe, hutetemesha mwili mbele ya jike, na kumwongoza ndani. Jike hutaga mayai machache machache na kuyaokota papo hapo kwa mdomo. Dume ana madoa ya manjano au ya chungwa, mviringo kama mayai, kwenye pezi la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Jike anapoyasogelea kwa mdomo, mbegu za dume huingia na mayai hurutubishwa yakiwa mdomoni. Kisha jike huyaatamia humo kwa kama wiki mbili na nusu hadi tatu, koo likiwa limefura, akila kidogo sana au asile kabisa. Dume hashiriki malezi yoyote. Kwa kuwa mzigo wote ni wa jike, uamuzi wa nani awe baba ni wake pia, na uamuzi huo huufanya kwa sehemu kubwa kwa kutumia macho.

Yaliyotokea

Tangi lilikuwa na urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50, yaani lita 300. Lilikuwa na chujio la sponji na pampu ya hewa, na halikuhitaji kifaa cha kupashia maji joto, kwa maana maji ya ndani ya nyumba Mwanza hukaa kwenye nyuzi 25 hivi bila msaada. Mawe yalichukuliwa mlimani, yakasuguliwa na kupangwa katikati. Mpangilio ulipendeza, lakini ulitoa pango moja tu linalostahili kuitwa pango.

Mvuvi mwenye kibali aliletewa oda ya "madume mekundu na majike yao". Siku ya kwanza alileta madume mawili ya samawati, akieleza kwamba ndiyo aliyoyapata karibu na ukingo. Siku mbili baadaye alileta madume matatu mekundu na samaki 9 wa kijivu, wote wakiitwa majike. Hakuna aliyeuliza wale tisa walivuliwa kina gani, ingawa ziwani wekundu hukaa kina zaidi kuliko wa samawati, na huenda mvuvi mwenyewe asingekumbuka, kwa sababu alikuwa amewachanganya kwenye ndoo moja.

Wiki ya pili mama aliona kwamba chini ya taa nyeupe ya mrija samaki wanaonekana wa kawaida mno. Akanunua karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile inayofungiwa zawadi, akaifunika taa kwa mikunjo miwili. Picha za usiku ule ni nzuri kweli: maji yanawaka kama machweo ya ziwani, na wageni walianza kupiga picha mbele ya tangi. Uamuzi huo ulikuwa na maana kibiashara, na sitaki msomaji aupuuze kama ujinga. Tangi la mgahawa lipo ili litazamwe.

Wiki ya tatu dume mmoja wa samawati, aliye mkubwa kuliko wote na aliyetangulia kuingia tangini kwa siku mbili, alikuwa ameshachukua pango. Wekundu watatu walianza kufifia. Wiki ya nne mmoja wao alikutwa amekufa nyuma ya mawe, mapezi yakiwa yametafunwa. Kijana mtunzaji alidhani ni ugonjwa na akatia chumvi. Rangi haikurudi, akaambiwa na mtu kwamba rangi nyekundu hutokana na chakula, ushauri ambao una ukweli ndani yake: samaki hawezi kujitengenezea karotenoidi zinazotia wekundu na manjano, bali huzipata kwenye chakula, hasa kwa vijidudu vya majini na mwani. Kijana akachemsha karoti, akazisaga pamoja na dagaa wakavu, na kuwalisha mara tatu kwa siku. Sehemu kubwa ililiwa na sponji ya chujio. Maji yaligeuka ya manjano yenye ukungu, na yakabaki hivyo kwa miezi.

Wiki ya sita samaki mmoja wa kijivu alifura koo na kukataa chakula. Kijana, akiogopa maradhi ya kuambukiza, alimtenga kwenye ndoo bila mfuniko wala kivuli. Samaki alitema mayai, na baada ya siku nne akafa. Mwezi uliofuata jike mwingine alifura koo, na safari hii mgeni mmoja aliyewahi kufanya kazi na watafiti wa samaki aliwaeleza kwamba huyo anaatamia. Alihamishwa kwa uangalifu hadi kwenye tangi dogo lenye vigae vya kujifichia, na baada ya wiki tatu wakahesabiwa vifaranga 26. Furaha ilikuwa kubwa. Mama aliwaahidi walimu wa shule mbili kuwapa "furu wa Nyerere" kwa ajili ya masomo ya biolojia, bila malipo.

Ilipofika miezi sita, 21 kati ya vifaranga hao walikuwa hai, na 9 walianza kutoa rangi ya dume. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwekundu wa kueleweka wala wa samawati wa kueleweka. Mgongoni walikuwa na wekundu wa kutu, ubavuni kijivu chenye samawati, na manjano hayakuwepo kabisa. Hapo ndipo nilipoitwa.

Maamuzi niliyoyafanya na sababu zake

Watu wazima waliobaki walikuwa 12, na mwenye rangi alikuwa mmoja tu, yule mkubwa wa samawati. Wengine 11 wote walikuwa wa kijivu.

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kutobadilisha chochote isipokuwa mwanga unaowafikia samaki, yaani taa na maji yanayouchuja. Niliomba nailoni iondolewe, chakula cha karoti kisitishwe, na theluthi moja ya maji ibadilishwe kila baada ya siku tatu mpaka ukungu uishe, maji ya bomba yakilazwa kwanza kwenye pipa lililo wazi. Mpangilio wa mawe na samaki niliuacha ulivyo kwa wiki mbili. Mama hakupenda, na kwa haki, kwa kuwa alikuwa amelipa fundi aje atengeneze na fundi akawa anakaa kitini kutazama. Nilitaka kuona kama majike wangebadilisha mwenendo kwa dume yuleyule. Siku ya 11 jike mmoja aliyejaa mayai alisogelewa na dume wa pangoni, akamfuata hadi mlangoni, akageuka na kukimbilia pembeni juu. Alifanya hivyo asubuhi nzima. Jioni mayai yalikutwa yametawanyika juu ya changarawe, hayajarutubishwa. Tukio moja halithibitishi kitu, lakini lilinipa mwelekeo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuwatambua. Niliwatoa wote 12, nikawatazama mmoja mmoja ndani ya beseni jeupe kwa kioo cha kukuzia, nikiangalia umbo la tundu la uzazi badala ya rangi. Majike walikuwa 6 na madume 6. Kati ya wale 9 walioletwa kama majike, kumbe wapo waliokuwa madume waliojificha. Kila dume niliweka peke yake kwenye chombo chenye kigae kimoja na maji safi. Ndani ya siku tatu wawili walikuwa wekundu, na kufikia siku ya nane wote walikuwa wamejitangaza: wekundu 3 na wa samawati 3. Mama alisimama mbele ya ndoo zile kwa muda mrefu. Samaki aliowalilia kwa miezi minane walikuwa humohumo wakati wote.

Majike hawajitangazi hivyo. Nilikosa njia ya kuwatambua kwa sura ambayo ningeweza kuisimamia, kwa hiyo nikawauliza wenyewe. Tangi liligawanywa sehemu tatu kwa wavu mgumu wa plastiki, dume mwekundu kushoto, wa samawati kulia, wote wa ukubwa unaokaribiana, jike katikati, taa nyeupe juu. Kila jike alitazamwa dakika 40 kwa siku kwa siku tano, na madume yalibadilishwa pande katikati ya zoezi ili jike asije akawa anapenda kona tu. Majike 3 walielemea kwa mwekundu, 1 kwa wa samawati, na 2 hawakuonyesha kuelemea popote, pengine kwa sababu hawakuwa na mayai. Jike asiye na mayai hana haja ya kuchagua.

Uamuzi wa tatu ulihusu makazi. Majike 3 walioelemea kwa mwekundu waliwekwa na dume mmoja mwekundu kwenye tangi jipya la lita 200 lenye mapango matano. Tangi kubwa la mgahawani lilibaki na madume 5 na majike 3 waliobaki, mawe yakapangwa upya katika marundo manne yanayozuiana kuonana, na tukakubaliana kwamba kifaranga yeyote atakayezaliwa humo hataitwa kwa jina la spishi.

Uamuzi wa nne ndio ulioleta mabishano. Mama alipendekeza wale vifaranga 21 warudishwe ziwani, akisema ni nyumbani kwao na hakuna haja ya kuwaua. Nilikataa. Samaki aliyekaa tangini anaweza kubeba vimelea na maradhi ya kigeni, na wale ni machotara waliotengenezwa na mpangilio wetu mbaya; kuwamwaga kwenye ukingo ambako furu safi bado wapo ni kuongeza mzigo juu ya mzigo. Shule zilielezwa ukweli. Mwalimu mmoja aliwakataa. Wa pili alichukua 6 akisema machotara wanafundisha urithi vizuri kuliko samaki safi, na nadhani alikuwa na akili kuliko sisi sote. Waliobaki 15 walipewa tangi la nyuma, karibu na jiko.

Matokeo

Katika tangi la lita 200, jike mmoja alifura koo wiki ya nne. Vifaranga 19 walizaliwa, na walipofika miezi saba, madume 6 yalikuwa yametoa rangi: matano mekundu ya wazi yenye manjano ubavuni, na moja lenye rangi ya mashaka ambalo hadi leo silipendi. Katika tangi kubwa hakuna aliyeatamia kwa miezi mitatu ya kwanza, ila rangi zilirudi kwa madume manne kati ya matano kwa sababu kila mmoja alipata rundo lake.

Tulipata pia hasara ambayo ni yangu. Katika tangi la lita 200 dume mwekundu alikuwa peke yake na majike watatu, na hasira yake yote ilipata walengwa watatu tu. Wiki ya saba jike mmoja alikutwa amekufa kwa kufukuzwa. Furu wa miambani hutulia zaidi wakiwa wengi, kwa kuwa mwenye eneo hulazimika kugawa ukali wake kwa majirani na wapita njia. Nililijua hilo na nikalipuuza kwa shauku ya kupata vifaranga safi haraka. Baadaye nilimtia dume mwingine mwekundu nyuma ya wavu ili wawili hao watazamane na kuvimbiana, na majike walipata nafuu.

Uchambuzi: nini kilifanya mama wa vifaranga akubali

Kuna sababu tatu, na zimeshikana mikono kiasi kwamba kuzitenga kabisa haiwezekani kwa tangi moja.

Ya kwanza ni mwanga. Mwaka 1998 watafiti wa samaki Ole Seehausen na Jacques van Alphen walichapisha jaribio lililofanywa kwa furu wa kundi hili: chini ya nuru nyeupe majike waliwachagua madume wa aina yao, lakini chini ya nuru iliyofuta tofauti ya rangi kati ya madume, ubaguzi huo ulipotea. Mikunjo miwili ya nailoni ya chungwa juu ya taa, na chini yake maji ya manjano ya karoti, vilikata karibu samawati yote na kijani kingi. Samawati ya dume wa pangoni iligeuka kijivu cha giza, na wekundu wa wale wengine haukuwa na kitu cha kutofautiana nacho.

Mama aliponisikia alinijibu kwa hoja nzuri: kule chini kwenye kina si maji ya ziwa hili nayo ni ya chungwa? Ni kweli. Maji ya Ghuba ya Mwanza yenye chembechembe na mwani hunyonya samawati mapema, na kadiri unavyoshuka ndivyo nuru inavyoelemea manjano na wekundu. Utafiti wa Seehausen na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nyererei, anayekaa kina zaidi, ana aina ya opsini (protini ya kupokea nuru) machoni inayoelekea zaidi kwenye wekundu, wakati pundamilia wa maji ya juu ana ya kwake tofauti. Lakini ziwani kila mmoja ana kina chake, na mabadiliko ya nuru kutoka juu kwenda chini ni ya taratibu, kwa hiyo jike hukutana zaidi na madume ambao macho yake yamefanyiwa kazi ya kuwaona. Sisi tuliwachukua wa juu na wa chini, tukawabana ndani ya nusu mita ya maji yenye nuru moja kutoka juu hadi chini.

Na jambo hilo si la tangini tu. Katika Kisiwa cha Makobe, kwenye maji maangavu zaidi upande wa Ghuba ya Speke, nyekundu na samawati hukaa jirani wakiwa spishi mbili zinazotofautika. Katika Kisiwa cha Luanso, kusini ndani ya Ghuba ya Mwanza ambako maji ni machafu, mpaka huo haupo na rangi za kati ni za kawaida. Utafiti uliotolewa mwaka 1997 na Seehausen, van Alphen na Frans Witte ulihusisha kufifia kwa rangi na kupungua kwa spishi na maji kupoteza uangavu kutokana na rutuba nyingi inayoingia ziwani. Nilipowaangalia wale madume 9 wa rangi ya kutu niliona Luanso ndogo iliyotengenezwa kwa nailoni na karoti.

Sababu ya pili ni pango moja. Hata jike mwenye macho makali hachagui kitu pale ambapo kuna mwenye nyumba mmoja. Katika mapambano ya majaribio chini ya nuru nyeupe, wekundu huwa na faida juu ya samawati. Hapa mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa dume wa samawati alikuwa mkubwa, alitangulia kuingia, na nuru ilikuwa imewavua wekundu silaha yao ya vitisho. Lile jike lililomkataa dume wa pangoni baada ya nailoni kuondolewa linanifanya niutazame mwanga kama sababu nzito kuliko pango, ingawa ni jike mmoja na asubuhi moja, na siwezi kumwekea mtu dhamana juu ya hilo.

Ya tatu ni kuchanganywa kwa majike tangu kwenye ndoo. Kama tungejua kila mmoja ni wa spishi gani, tungewaweka mbalimbali, na zile mbili za mwanzo zisingezaa machotara. Nikiulizwa ni wapi kisa kingezuiwa kwa gharama ndogo kabisa, nitajibu ni pale kwenye mtumbwi, kwa kumpa mvuvi ndoo mbili na kumwomba akumbuke kila mmoja ametoka kina gani.

Yaliyofaa na yaliyoshindikana

Kusubiri wiki mbili kulifaa, japo kulichosha watu. Kutenga madume mmoja mmoja kulifaa kuliko yote, na kungefanywa na kijana mwenyewe wiki ya tatu kama angejua kwamba kufifia kwa furu mara nyingi huanza na jirani yake kabla ya chakula au ugonjwa. Chumvi haikudhuru wala haikusaidia. Karoti zilidhuru, si kwa ubaya wake bali kwa wingi wake na kwa ukungu zilioleta. Tulipobadilisha na dagaa laini wachache pamoja na vijidudu vya majini waliochujwa ziwani kwa kitambaa, wekundu uliongezeka kidogo ndani ya wiki chache, kwa madume waliokuwa na eneo pekee. Aliyenyimwa eneo hakupata rangi kwa chakula chochote.

Jaribio la sehemu tatu lilikuwa dhaifu. Majike 6 ni wachache, siku tano ni chache, na jike aliyelelewa miezi minane chini ya nuru ya chungwa huenda hachagui kama aliyetoka ziwani jana. Dume lile la sita lenye rangi ya mashaka huenda ni ushahidi kwamba mmoja wa wale tuliowaita majike wa nyererei hakuwa safi tangu mwanzo. Kule alikovuliwa huenda mpaka wenyewe ulishaanza kulegea kabla ya nailoni yetu.

Hapo ndipo hukumu yangu kwa machotara imepungua ukali. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 na Joana Meier na wenzake uliwapeleka furu wa eneo hili kwenye asili ya mchanganyiko wa koo mbili za zamani, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Chotara ndiye babu wa wote hawa. Tofauti ni kwamba yule wa kale alipewa ziwa zima lenye vina, mawe na nuru za kila namna za kumpambanua, na hawa wetu wamepewa tangi la nyuma, karibu na jiko.

Nailoni ya chungwa sasa imefunika taa iliyo juu ya kaunta ya vinywaji. Wiki iliyopita kijana alinipigia simu usiku kuniambia kwamba mmoja wa wale 15 wa jikoni amefura koo na hali chakula, na kwamba safari hii hajamgusa.